Programu ya Josho na Wadudu Wake

Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya kuandika programu, nawaona mnavyochangamka mkipewa kitu kipya cha kutengeneza. Sikatai. Kitu kipya kina sifa, unakipiga picha unamtumia mama. Lakini mimi niliyestaafu, ambaye sasa napalilia ufuta wangu hapa Nambambo huku magoti yakilalamika, nawaambieni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa ukisikiliza watu wakikueleza jinsi ulichotengeneza kilivyoharibika. Na swali lililotutoa jasho kuliko yote halikuwa la hesabu. Lilikuwa hili: mtu akiona kasoro, aende kuisema wapi?

Mnacheka. Ngojeni kwanza ng'ombe wafike.

Nilifundishwa kazi na mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Mzee Lipande alikuwa fundi redio Nachingwea mjini, nami nilikuwa binti wa kufagia kibanda chake na kuyeyusha risasi ya kuunganishia nyaya. Alikuwa na sheria moja. Mteja akileta redio akasema imekufa, ole wako ushike bisibisi. Kwanza uliza. Ilikuwa inasema nini ilipokufa? Uliifanya nini kabla haijafa? Na wewe ulitaka iseme nini?

Siku moja akaja mama mmoja na redio kubwa kaifunga kwenye kanga kama mtoto mgonjwa.

"Imekufa hii, fundi."

"Imenyamaza?"

"Hapana, inasema."

"Inasema nini?"

"Mimi nitajuaje? Tangu wajukuu wangu waje likizo, inasema Kireno."

Mzee Lipande akazungusha kitufe kidogo tu, redio ikatoka Msumbiji ikarudi nyumbani, ikaanza kutangaza vifo na mazishi kwa Kiswahili safi. Mama akafurahi sana. Ingefunguliwa redio ile ikatolewa matumbo, ingekufa kwelikweli. Yale maswali matatu ya Mzee Lipande nimeyatumia maisha yangu yote ya kazi, na mpaka leo sijaona kitabu cha kompyuta kilichoyazidi.

Sasa tuje kwenye Zamu.

Zamu ndiyo programu niliyoitunza miaka yangu ya mwisho kazini. Mnajua jinsi wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa walivyohamia huku kwetu na mifugo yao. Ng'ombe lazima waende josho wakaogeshwe kuua kupe, na njia ya kwenda josho inapita katikati ya mashamba ya watu. Zamani kila siku ya josho ilikuwa siku ya ugomvi. Basi tukatengeneza programu inayotuma ujumbe wa simu kwa pande zote mbili. Mfugaji anaambiwa siku na saa ya kupeleka ng'ombe wake, na mkulima wa kando ya njia anaambiwa ng'ombe watapita saa ngapi, ili aanue mihogo yake na kuita watoto.

Zamu ilikuwa programu huria. Maana yake, maandishi yake yalikaa wazi mtandaoni, na yeyote duniani aliruhusiwa kuyasoma, kuyachukua, na kutuletea marekebisho. Mimi nilikuwa Nachingwea. Mwenzangu Jofrey, kijana mwandishi wa programu hodari sana, mwenye maneno ya Dar ingawa Dar yenyewe alikaa kidogo tu, alikuwa Ruangwa. Na mtu wa tatu alikuwa Mikko, kijana wa Ufini, nchi ya barafu, ambaye hatukuwahi kumwona hata siku moja. Aliikuta Zamu mtandaoni, akaipenda, akawa anaisafisha bure kila mwisho wa wiki. Sisi huku tulikuwa tunasema, huyu mtoto hana shamba?

Siku ya kuizindua, kwenye mkutano wa wafugaji na wakulima, Jofrey alisimama akasema kwa uaminifu mkubwa, "Wazee wangu, programu yoyote ina wadudu. Mkiwaona, mtuambie."

Mzee mmoja wa kifugaji, Mzee Masanja, mtu mrefu mwenye koti hata jua likiwaka, akainua fimbo yake.

"Wadudu gani, kijana? Kupe?"

"Hapana mzee, wadudu wa kwenye programu."

"Basi na simu nazo tuziogeshe?"

Watu wakacheka mpaka mkutano ukaharibika. Tangu siku hiyo nilimkataza Jofrey kusema wadudu. Tukasema kasoro. Lakini alikuwa amechelewa. Mpaka leo njia yote ya Malolo mpaka Likunja, simu ikigoma kidogo tu utasikia, "Ipeleke josho."

Kwa ajili ya kupokea kasoro, tulifanya wanavyofanya watu wote: tukafungua kundi la WhatsApp. Jofrey alisema, "Maza, kila mtu yupo WhatsApp. Tumemaliza." Nami nikakubali, kwa sababu ilionekana ni akili.

Wanangu, kundi la WhatsApp ni mahali pazuri pa kupeana pole na pongezi. Asubuhi linafunguka na maua ya kutakiana siku njema. Kisha kuna msiba. Msiba ukitangazwa, watu themanini wanaandika pole, mmoja mmoja, kila mtu na dua yake. Katikati anatokea mtu anauza mafuta ya alizeti. Halafu yupo aliyebonyeza bila kujua akatuma sauti ya mbuzi wake kwa muda mrefu. Na humo humo, kati ya mbuzi na mafuta ya alizeti, ndimo kasoro yako imelala.

Ilivyokuwa ni hivi. Mikko, katika kusafisha kwake, aliona sehemu ya Zamu inayopanga saa za wafugaji imeandikwa kwa namna ambayo kwake ni kichekesho. Josho linaanza saa mbili asubuhi, programu inamwandikia mfugaji "saa 2". Mikko akatazama saa ya kompyuta, akaona nane. Akasema moyoni, hawa ndugu zangu wamekosea. Akarekebisha. Jofrey akapitisha marekebisho yale akiwa kwenye foleni ya kunyoa. Wafugaji wakaanza kupata ujumbe: "Peleka mifugo josho saa 8." Ujumbe wa wakulima ulitoka sehemu nyingine ya programu, ambayo Mikko hakuigusa. Wao wakaambiwa, kama kawaida, ng'ombe watapita saa 2 asubuhi.

Mzee Masanja aliona mabadiliko. Hilo nataka mlikumbuke, maana watumiaji wenu mara nyingi wanaona kabla yenu. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi: "Jamani, mbona saa imebadilika? Ni kweli sasa ni saa nane?"

Siku hiyo kulikuwa na msiba na siku ya kuzaliwa kwa pamoja. Jofrey alikuwa anashuka kwenye ujumbe mbiombio akigawa dole gumba kwa kila mtu. Pole, dole. Hongera, dole. Mafuta ya alizeti, dole. Akamfikia Mzee Masanja bila kumsikiliza, akampa dole.

Mzee Masanja akaona dole la fundi mwenyewe. Akawaambia wenzake, "Imethibitishwa. Ni saa nane mchana."

Siku ile kijijini Malolo, Bi Fatu alikuwa anawatoa wajukuu zake unyagoni. Bi Fatu ni mkulima, shamba na nyumba yake viko kando kabisa ya njia ya josho, na ni mwanamke ambaye hata mbwa wa jirani wanamwamkia. Kwa kuwa alipata ujumbe wa saa mbili, asubuhi alizuia kila kitu. Vyombo ndani, watoto ndani, wageni ndani. Wakasubiri. Ng'ombe hawakuja. Ilipofika saa nne akasema, "Leo wameahirisha," akaamuru mikeka itandikwe njiani kwenyewe, maana ndipo penye nafasi na kivuli. Vyungu vya togwa vikapangwa. Ngoma zikaanza.

Saa nane, ng'ombe wakafika.

Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wengi sana, na wote wanakubaliana kuhusu togwa. Ng'ombe wametembea juani, wana kiu, wanakuta vyungu vimepangwa kana kwamba vinawangoja. Waliinama kwa adabu, kila mmoja na chungu chake. Dume mmoja aliingiza pembe kwenye mfuko wa kanga za zawadi akatoka amejifunga kama bibi harusi. Akina mama wakapiga kelele. Wapiga ngoma, waliokuwa wameinamia ngoma zao, wakadhani ni vigelegele vya kuwapongeza, wakaongeza kasi. Ng'ombe kusikia ngoma zimezidi, nao wakaongeza kasi.

Hapo ndipo kicheko kinapoishia kidogo. Vijana wa Malolo walikimbilia mapanga. Vijana wa wafugaji nao wana fimbo, na hawazishiki kwa ajili ya kuchokonolea meno. Wakasimama wakitazamana. Kule kwetu mambo ya namna hii yamewahi kwisha vibaya, mnajua. Neno moja tu la kijinga lingetosha.

Neno likatoka kwa Bi Fatu. Alimwendea Mzee Masanja mpaka kidevu chake kikagusa vifungo vya koti, akasema, "Wewe! Umeambiwa saa mbili, unakuja saa nane. Umedharau wajukuu zangu?"

"Mayu," akasema Mzee Masanja. Hivyo ndivyo wanavyomwita mama kwao. "Mayu, mimi sijadharau mtu. Simu imesema saa nane."

"Simu imesema saa mbili!"

"Hii hapa."

"Na hii hapa!"

Wakaweka simu zao pamoja, kiganja kwa kiganja. Wakasoma. Vijana wa pande zote wakasogea kuchungulia, na kwa kuchungulia ikabidi mapanga yashushwe, maana huwezi kusoma simu ndogo juani na panga mkononi. Kisha Bi Fatu akasema jambo lililookoa siku ile, na lililoniharibia mimi siku yangu:

"Kumbe si wewe wala mimi. Ni wale wa programu."

Ugomvi uliokuwa kati ya watu wawili ukageuka wote pamoja ukatazama upande wa Nachingwea. Simu yangu ikalia. "Rehema," akasema Bi Fatu bila salamu, na kwa Bi Fatu kukosa salamu ni hukumu tosha, "njoo Malolo. Na yule wa madole mje naye."

Nilipanda bodaboda. Jofrey nilimkuta ameshafika kutoka Ruangwa, amekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji katikati ya Bi Fatu na Mzee Masanja, ameshikwa kama mwizi wa kuku. Mwenyekiti wa kijiji akafungua kikao. Walituuliza mambo mengi, lakini swali la Mzee Masanja ndilo lililonichoma.

"Mimi niliuliza. Kijana huyu akanijibu kwa kidole. Sasa nikiona tena jambo, niulize wapi ili nijibiwe kwa mdomo?"

Jofrey akatazama kidole gumba chake.

Kikao kikaamua: Zamu isimame mpaka tulete jibu la swali hilo. Mzee Masanja kwa hiari yake akasema ng'ombe wake wamekunywa togwa ya watoto, hivyo kila siku ya josho atapitisha maziwa kwa Bi Fatu, mpaka kasoro ile iishe kabisa. Bi Fatu akasema yeye si ombaomba, lakini maziwa yakija hatayamwaga.

Tulimwandikia Mikko. Maskini, alilia kwa maandishi. Akatumia mashine ya kutafsiri akatuletea barua ya Kiswahili: "Ninasikitika kwa kina. Mdudu wangu amekanyaga sherehe yenu. Tafadhali fikisheni pole zangu kwa ng'ombe." Niliisoma barua hiyo kijijini, na Mzee Masanja akasema mtoto huyo amelelewa vizuri.

Saa tulizirekebisha siku ileile. Kilichobaki ni pa kusemea kasoro, na hapo mimi na Jofrey tulikosana kweli.

Mimi nilitaka jedwali. Kitu rahisi, safu chache, kila kasoro na mstari wake. Tukajaribu. Baada ya muda Jofrey akawa na jedwali lake linaloitwa "kasoro mpya", mimi nina "kasoro mpya sahihi", na kuna la tatu linaitwa "kasoro mpya sahihi ya mwisho kabisa", ambalo hakuna aliyekiri kulizaa. Kasoro moja ikawa imerekebishwa mara mbili kwa njia mbili zinazopingana, na nyingine kila mtu anadhani mwenzake ameishughulikia.

"Maza, hii mambo ya kishamba," akasema Jofrey. "Tuweke mtambo. Makampuni makubwa yote yanatumia."

Akasimika mtambo mkubwa wa kufuatilia kasoro. Nao ulikuwa mzuri, siukashifu, una rangi na grafu. Lakini mtu akitaka kusema kasoro, anajaza vyumba vingi kuliko vya hosteli. Jofrey alivitafsiri vyote kwa Kiswahili, akawapelekea wafugaji na wakulima wenye simu janja wajaribu. Majibu nayakumbuka.

Mahali palipoandikwa "Mazingira", akimaanisha aina ya simu, mmoja aliandika: "Mazingira mazuri, mvua imenyesha." Mahali pa "Uzito wa kasoro", mwingine akakadiria kwa kilo. Palipoandikwa "Toleo", akimaanisha la programu, mfugaji akajibu, "Ndama wa pili." Na pale penye "Hatua za kufanya kasoro irudie", Bi Fatu, ambaye mjukuu wake alimjazia, aliagiza iandikwe kwa herufi kubwa: SITAKI IRUDIE.

Kuhusu "Kipaumbele", wote walichagua "Dharura". Kila mmoja. Hata aliyelalamika kwamba ujumbe unamwita Ndugu badala ya Alhaji.

Jofrey aliyasoma majibu yale ofisini Ruangwa, nami nikamtazama usoni kuona kama atakasirika. Akaanza kutetemeka mabega. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Ugomvi wetu ukaishia pale, kwa sababu ni vigumu kumnunia mtu mliyecheka naye kiasi hicho.

Nikamweleza habari za Mzee Lipande na redio iliyosema Kireno. Akafikiri. Akasema, "Yule mama hakujaza fomu. Fundi ndiye aliyeuliza."

"Ndiyo."

"Basi sisi ndio tujaze."

Hilo ndilo tulilolichagua, na nimeona miradi mingi ikilichelewa. Msichague mahali pa kuweka kasoro kwa kutazama fundi anapenda nini. Mtazameni aliyeumia, yuko wapi, na ana simu gani. Mtu wetu aliruhusiwa kusema kasoro yake popote: kwa simu, kwa sauti, sokoni, hata msibani akinivuta kanga. Lakini kasoro yenyewe ilikwenda kukaa mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa kasoro ulio palepale maandishi ya Zamu yanapokaa mtandaoni, wazi kwa wote, ili hata Mikko kwenye barafu yake aione. Anayeipeleka pale ni mmoja wetu mwenye zamu wiki hiyo, naye anauliza maswali matatu ya redio, anaandika, na anamrudishia mwenye kasoro namba yake. Na jambo la mwisho alilidai Mzee Masanja mwenyewe tulipokwenda kutoa maelezo Malolo: fundi haruhusiwi kusema kasoro imekwisha. Anayesema imekwisha ni yule aliyeileta.

Jofrey aliona sheria hiyo ni hatari. "Maza, wakikataa kufunga je?"

Nikamwambia, "Mtu mzima atakataa kwa nini?"

Kijiji kikaturuhusu tuendelee. Kasoro ya saa ikaandikwa ya kwanza kabisa, na kwa kuwa waliileta wawili, Bi Fatu na Mzee Masanja, tukaandika kwamba wote wawili lazima wakubali ndipo ifungwe. Mambo yakanyooka. Siku za josho zikawa tulivu, ng'ombe wanapita asubuhi, mihogo inaanuliwa kwa wakati. Kasoro nyingine zilikuja zikafungwa, hata ya Alhaji. Lakini ile ya kwanza, kila tulipopiga simu kuuliza, Bi Fatu alisema, "Bado." Tunampigia Mzee Masanja, naye anasema, "Bado kidogo."

Tukapekua maandishi yote. Mikko akapekua. Akaandika kwamba amepima saa za dunia nzima na haoni tatizo, na kwamba halali vizuri. Nilipokaribia kustaafu nikaona aibu kumwachia Jofrey kasoro iliyo wazi. Nikamchukua tukaenda Malolo, siku ya josho, tuione kwa macho.

Ng'ombe walipita saa mbili kasoro, wametulia kama watoto wa shule. Mzee Masanja hakuwafuata. Aliwaachia vijana wake, akakunja kona na kibuyu chake cha maziwa, akaingia kwa Bi Fatu bila kupiga hodi kwa sauti. Tulipofika tuliwakuta barazani. Yeye Bi Fatu anamfungashia karanga, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na mume wa Bi Fatu yupo pembeni anabishana na Mzee Masanja habari za mpira. Mjukuu mmoja amekwishavaa lile koti.

"Shikamooni," nikasema. "Tumekuja kuiona kasoro."

Wakatazamana.

"Saa zinakuja sawa?" nikauliza.

"Zinakuja," akasema Bi Fatu.

"Za wote wawili?"

"Za wote," akasema Mzee Masanja, akichunguza ncha ya fimbo yake.

"Sasa kwa nini hamkubali tuifunge?"

Bi Fatu akafuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu Rehema, wewe umesoma. Huyu mzee alisema ataleta maziwa mpaka kasoro iishe. Ikiisha, huyu atapita hapa kwa sababu gani?"

"Na karanga?" akasema Mzee Masanja. "Nyumbani wamekwishazizoea."

Nikamgeukia Jofrey, yeye ndiye angebaki na kazi, aamue. Alikuwa amekwishapewa kikombe cha maziwa. Akanywa, akapangusa mdomo, akatoa simu yake, akafungua kasoro namba moja na kuandika mbele yetu, akisoma kila neno kwa sauti ya kiofisi:

"Inahitaji uchunguzi zaidi."

Naambiwa anakwenda kuichunguza kila siku ya josho, na anarudi na karanga.